Kaswende Ambayo Sikuwa Nayo

Nikiwa na mimba ya pili, nesi wa kliniki moja Eastlands aliniambia nina kaswende. Baba Njeri akapimwa, hana. Usiku ule hakuna aliyegusa ugali. Alikaa kwenye stuli karibu na mlango, koti hajavua, akauliza mara moja tu: "Mama Njeri, ni nani?" Sikuwa na jina la kumtajia kwa sababu hakukuwa na mtu.

Nilidungwa penisilini. Mimba ikatoka ikiwa ya miezi mitano. Iliyofuata ikatoka pia.

Jambo ambalo ningeshukuru kuelezwa siku ile ni hili: kipimo cha VDRL, kile cha damu nilichopimwa kliniki, hakitafuti kijidudu cha kaswende chenyewe. Kinatafuta kingamwili zinazoshika aina ya mafuta iitwayo kadiolipini, na mtu anaweza kuwa nazo bila kuwahi kuugua kaswende. Dada yangu, ukiambiwa unayo, omba kipimo cha kuthibitisha, kama TPHA, kinachotafuta kingamwili za kijidudu chenyewe cha kaswende, kabla nyumba haijavunjika.

Miaka miwili baadaye niliamka mguu wa kushoto umevimba, wa kulia mzima kabisa. Kiatu kilikataa kuingia. Nilidhani ni kusimama sana kazini, nikapanda matatu hivyo hivyo. Usifanye kama mimi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukianza kukosa pumzi au kifua kuuma, usingoje hata saa moja, kwani donge la damu likikatika mguuni hukimbilia mapafuni.

Picha ya mishipa ilionyesha donge. Daktari akaniuliza maswali mawili: mimba ngapi zimetoka, na je, nimewahi kuambiwa nina kaswende? Nililia palepale.

Ugonjwa wenyewe unaitwa antiphospholipid syndrome (APS), na ulielezwa na daktari Graham Hughes na wenzake London mwaka 1983. Kingamwili, ambazo kazi yake ni kupigana na maradhi, zinaugeukia mwili wenyewe, zikiwemo zile zinazoshika kadiolipini, na kuifanya damu igande ovyo: mguuni, kwenye ubongo, kwenye kondo la mtoto. Lakini kuna mtego. VVU, homa ya ini aina ya C, hata Korona, vinaweza kuamsha kingamwili hizi kwa muda tu, kisha zikapotea. Ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi. Hurudiwa baada ya wiki 12 au zaidi. Wiki zile zilikuwa ndefu, lakini rudi upimwe, hata kama unajisikia mzima.

Zangu hazikupotea. Natumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na kupima INR, kipimo cha muda ambao damu inachukua kuganda, kila ninapoitwa; yangu inatakiwa iwe kati ya 2 na 3. Majirani waliniambia niache sukuma wiki. Sikuacha, ninakula kiasi kilekile kila wiki, kwa sababu kinachovuruga dawa ni kula nyingi leo na kukosa kesho. Na kemisti sinunui Septrin wala dawa ya maumivu kabla ya kusema natumia wafarini.

Wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo nilipotaka kujaribu tena nilimwona daktari kwanza. Akanihamishia kwenye sindano za heparini, ambazo pia huzuia damu kuganda, na aspirini kidogo. Baba Njeri ndiye aliyekuwa akinidunga tumboni kila jioni, mkono ukimtetemeka wiki ya kwanza.

Kliniki walipima VDRL tena, ikasoma vilevile. Safari hii nilifungua mkoba, nikamwekea nesi mezani majibu ya TPHA yanayoonyesha sina kaswende, na Baba Njeri alikuwa ameketi kando yangu.