Kabla hujaandika asilimia ya wilaya

Mdogo wangu unayeanza kazi ya takwimu hapa Zanzibar, iko siku mkubwa wako atakuuliza: wanawake vijana wasio na ajira wilaya ya Micheweni ni asilimia ngapi? Utafungua data ya utafiti wa nguvu kazi, utachuja wilaya, jinsia na umri, na kompyuta itakupa jibu papo hapo. Usikimbilie kuliandika. Hesabu vichwa kwanza: jibu limetoka kwa watu wangapi?

Tuseme walio katika nguvu kazi, yaani wenye kazi pamoja na wasio nayo ila wako tayari kuifanya, ni 40, na 10 kati yao hawana ajira. Asilimia 25. Kosa sanifu lake, yaani kiasi ambacho jibu huyumba kwa bahati ya sampuli, ni karibu pointi 7. Ukienda karibu mara mbili yake kila upande, ukweli unaweza kuwa popote baina ya 12 na 38. Na hapo tumewachukulia kama waliochaguliwa mmoja mmoja. Sivyo: sampuli huchagua maeneo ya kuhesabia watu, kisha kaya ndani yake, na majirani hufanana. Ukilitia hilo kwenye hesabu, masafa hayo ya 12 hadi 38 yanatanuka zaidi. Mwaka wangu wa kwanza niliweka namba ya aina hii kwenye jedwali, peke yake, bila masafa. Utafiti uliofuata ikashuka nusu, watu wakashangilia mafanikio ambayo hatukuwa na ushahidi wake. Mpaka leo inaniuma.

Njia iliyopo ni kuazima nguvu kutoka data nyingine. Mwaka 1979 wanatakwimu Fay na Herriot walikadiria kipato cha sehemu za Marekani zenye watu chini ya 1,000 kwa kuchanganya jibu la sampuli na jibu la modeli, yaani kanuni inayobashiri kutokana na sifa za eneo. Sampuli ikiwa kubwa, inasikilizwa zaidi. Ikiwa ndogo, modeli inabeba mzigo. Kama sampuli inasema 25, modeli inasema 16, na sampuli imepewa uzito wa 0.4, unapata 19.6.

Kwetu modeli hujengwa juu ya sensa ya 2022: elimu, umri, makazi. Ila wilaya 11 ni chache mno kuifunza modeli. Bora ushuke hadi shehia, vitengo vidogo vya utawala ndani ya wilaya, ukijua kwamba shehia zisizofikiwa na sampuli zitategemea modeli tupu.

Lipo jambo ambalo modeli hailitibu. Dodoso huuliza kuhusu siku saba zilizopita. Mkulima wa mwani hushuka pwani wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana. Mdadisi akibisha hodi mwisho wa maji mafu, siku ambazo maji hayakupwi sana, mama atamjibu kwa ukweli kabisa: "Wiki hii sikufanya kazi, mwanangu." Asipoulizwa kama ana kazi atakayoirudia, anaweza kuandikwa hana ajira, na kamba zake za mwani ziko palepale baharini. Katika kikundi cha watu 40, akina mama watano wa namna hii wanabadilisha kila kitu.

Ndiyo maana kwa shehia za pwani, kabla sijagusa modeli, naziweka tarehe za mahojiano kando ya kalenda ya mwezi wa angani, unaoongoza maji, nione nani alihojiwa maji yakiwa vipi.