Maji ya Kivu haina chumvi, mbona kanoti inaliwa?

SWALI: Jambo ndugu wa ukurasa huu. Niko na kanoti ndogo ya alumini, ya kutembea na familia siku ya yenga, tunaenda mpaka kisiwa cha Tchegera ao tunazunguka tu hapa mbele. Iko na moteri ya nyuma ya farasi 40. Juzi tuliitosha kwa maji tuioshe, nikaona pembeni ya bulo za inoksi kuko unga mweupe, nikakwangua, chini yake vitundu vidogo vidogo kama vya sindano. Na ile kipande ya zinki yenye walinifungia, walisema ndiyo italiwa pahali pa kanoti, haijaliwa ata kidogo, iko vile vile. Jirani anasema ziwa letu ni maji tamu, haliharibu kitu. Nifanye nini? – Baba wa familia, Himbi, Goma

JIBU: Papa, iyo zinki kubaki mzima njo shida yenyewe. Kazi yake ni kuliwa. Kama imekaa ndani ya maji miezi na miezi na bado iko na kona zake zote, ujue haijafanya kazi, na kanoti njo ilikuwa inalipa.

Jirani mwambie hivi: ukigusanisha metali mbili tofauti ndani ya maji umetengeneza batri. Ile yenye nguvu kidogo inatoa mwili wake pole pole, ile ingine inabakia inang'aa. Kati ya inoksi na alumini, mwenye kuliwa ni alumini, na analiwa pale pale bulo inapopita, ju pale njo wanagusana na maji inabakiaka imejificha chini ya kichwa cha bulo. Unga mweupe uliona ni alumini yako yenyewe imeshageuka. Sasa anodi ni kipande ya metali dhaifu kuliko zote, unaifunga makusudi ili yenyewe iliwe kwanza. Si mambo ya juzi, Mwingereza Humphry Davy alionyesha mu 1824 kama unaweza kulinda shaba ya meli za vita kwa kuifungia vipande vya chuma ao zinki.

Lakini zinki ni ya bahari. Maji ya bahari iko na gramu kama 35 ya chumvi kwa litre moja, ya Kivu juu juu iko na gramu moja hivi, na si chumvi ya kupikia, mingi ni bikaboneti zenye zinaletwa na chemchemi na mawe ya volkano. Ndani ya maji kama hayo zinki inajifunika na ganda gumu inalala. Ila usidanganyike eti gramu moja si kitu: umeme unapita ndani ya maji ya Kivu karibu mara mbili kuliko ndani ya maji ya Tanganyika, na pH (kipimo cha kuonyesha maji iko na asidi ao iko kama ya sabuni, 7 njo katikati) ya juu juu inafika 9 hivi. Alumini inajilindaka na ngozi nyembamba sana, na iyo ngozi inaanza kulegea pH ikipita 8.5. Njo maana mimi kanoti ya alumini kwa Kivu naiogopea kuliko watu wengi wanavyofikiri.

Sasa utafunga nini? Kwa maji tamu watu wanashauri anodi ya magnesi, na kwa mashua ya chuma ni muzuri. Kwa alumini yenye langi imetoka toka, magnesi inaweza kusukuma nguvu kupita kiasi, pH ya maji yenye inagusa alumini inazidi kupanda na maji inaila tena. Ningekuwa wewe ningefunga anodi ya alumini. Najua utashangaa, alumini ilinde alumini? Ndiyo, ju ile ya anodi imechanganywa na zinki na metali ingine inaitwa indiyumu kidogo, iyo indiyumu njo inaikataza kujifunika na ngozi. Kwa hiyo tafazali usiende kwa wale wanayeyushaka sufuria wakumwagie kipande, ile haitalinda kitu. Angalia tena ile ndogo yenye iko kwenye mguu wa moteri karibu na helisi, ata hiyo kama ni zinki ubadilishe.

Ukifunga, kwangua langi pahali anodi inakaa mpaka alumini ing'ae, kaza, alafu chukua multimeta, ncha moja kwa anodi, ingine kwa mwili wa kanoti: isome chini ya omu moja. Ikisoma zaidi, haijagusana vizuri na umefunga urembo tu. Anodi haipakwe langi hata siku moja, nimeona watu wanaipaka ili ifanane na kanoti, inaniumiza roho kweli. Ikibakia nusu, weka mupya.

Bulo nazo zitoshe moja moja, usizifungue zote mara moja. Sugua ule unga na burosi ya nailoni, burosi ya waya ya chuma inaacha vipande vyake ndani. Osha, kausha, rudisha na rondeli ya nailoni juu na chini, kabomba kadogo ka plastiki ndani ya tundu, mastike ya mashua kuzunguka, ili inoksi isiguse alumini popote. Kama tundu fulani limeingia sana mpaka unaona karatasi ya alumini imekuwa nyembamba, hapo usijaribu mastike, ita fundi wa kuchomelea alumini.

Bado umeme, na huo unakula kwa wiki chache kile bulo ingekula kwa miaka. Zima vitu vyote, tosha kabo ya chanya kwa batri, weka multimeta kati ya kabo na batri, uanzie kwa kipimo kikubwa cha ampere. Inapaswa kuwa zero ao karibu yake. Kama kuko kitu kinapita, mara mingi ni waya ya pombi ya maji, ngozi yake imepasuka na iko inalala ndani ya maji chini ya mbao. Mwili wa kanoti usitumike kamwe kama waya ya kurudisha umeme. Alafu fundi wa umeme akimaliza kazi, inama uokote mwenyewe zile nywele za shaba alizokata, moja ikibakia chini ndani ya maji itatoboa alumini pole pole ukiwa umelala nyumbani. Langi yenye shaba pia ukatae, iyo ni ya kuzuia makombe yasishike kwa meli, na makombe hayo ni ya bahari, kwa Kivu haiko.

SWALI: Mashua yetu ni ya chuma, kila mwaka tunapaka langi, miezi michache inavimba na kutu inatoka chini. – Mama wa Nguba, Bukavu

JIBU: Mama, munapakaka langi juu ya kutu, na chini ya langi kutu inaendelea kula. Sugueni mpaka chuma ing'ae, mwoshe, mkaushe, na mkono wa kwanza wa langi ya epoksi uingie siku ile ile kabla ya usiku, ju umande peke yake unatosha kuanzisha kutu mupya. Alafu mikono ingine miwili juu. Na muangalie ndani zaidi kuliko nje: mashua nyingi za chuma zinaozaka kutoka ndani, chini ya mbao, pahali maji ya mvua inabakia bila mutu kuiona.

SWALI: Mvua ya Nyiragongo inakula manjanja ya nyumba, na kanoti yenye iko inje je? – Keshero

JIBU: Ndiyo inakula, moshi wa volkano uko na gesi ya salfa na mvua inashuka na asidi. Weka bashe, lakini uinue katikati upepo upite chini yake. Majivu ikianguka usiipanguse kavu, inakwangua langi. Mwagia maji mingi kwanza, mpaka itoke yenyewe.