Swichi za kibodi: usichague kwa rangi

SWALI: Nachapa barua na fomu za watu Langoni, Lamu, karibu na ufuo. Kibodi yangu ina swichi (vidude vilivyo chini ya kila kitufe) za Cherry MX Blue, yaani za bluu. Mlio wake unawachosha wenzangu, na sasa kitufe cha A hutoa herufi mbili kwa mguso mmoja. Nikinunua za kampuni nyingine, Gateron au Kailh, rangi ileile ni kitu kilekile?

JIBU: La. Nyekundu angalau hukubaliana: Cherry Red na Gateron Red zote hushuka nyororo, bila nundu (kikwazo kidogo ambacho kidole hukihisi njiani) wala mlio, na hushika, yaani husajili herufi, kwa nguvu ya gramu 45 hivi, kwenye kina cha milimita 2. Ila kwa zenye weupe, Cherry Clear ina nundu tena nzito, Gateron Clear ni nyororo ya gramu 35 hivi, na Kailh Box White inalia. Ukiagiza "nyeupe" tu, unaweza kuletewa yoyote kati ya hizo. Muulize muuzaji aina, uzito na kina cha kushika.

Aliyezoea nundu ya Blue akihamia Red huanza kugonga hadi chini, maana kidole hakipati ishara kuwa herufi imeshika. Kwako tunapendelea Kailh Box Brown: ina nundu, haina mlio, na kikuta cha plastiki ndani yake hukinga viunganishi dhidi ya vumbi na unyevu. Kwa hewa ya chumvi ya Lamu, kikuta hicho kina thamani kuliko jina la kampuni. Vifuniko vya vitufe vyako vya Cherry vitaingia.

Kwanza hakikisha swichi zako huchomoka bila lehemu. Kama zimelehemiwa, kibodi ya vitufe 104 ina viungo 208 vya kuyeyusha; mpe fundi. Zikichomoka, hamisha swichi ya A uiweke mahali pa nyingine. Herufi mbili zikiifuata, viunganishi vyake vimechafuka au kuota kutu. Zikibaki kwenye A, tatizo liko kwenye soketi (tundu la kuchomekea swichi) au bodi, na swichi mpya hazitasaidia.

Nunua 110, kwani pini (miguu ya chuma ya swichi) hupinda. Nyoosha pini zote mbili kwa kibanio, kisha sukuma swichi wima huku kidole kikishikilia soketi kwa nyuma, isije ikang'oka. Swichi ya miguu mitano isipoingia, kata ile miwili myembamba ya plastiki ya pembeni kwa mkasi wa kucha. Ya chuma usiikate.