Binti anajua, basi nyumba nzima inajua?

Swali la wiki: "Tuwasemeshe watoto Kiingereza nyumbani ili wasibaki nyuma?" Mimi nitajibu swali lililo jirani yake: huku Marekani, nani huhesabiwa kuwa anajua Kiingereza? Wengi wanaokilaumu Kiswahili hawajaisoma vizuri ile fomu ya Ofisi ya Sensa.

Ni ya utafiti wa kila mwaka (American Community Survey), unaofika kwenye anwani milioni 3.5 hivi, maana sensa ya kila miaka 10 haiulizi lugha tena kuanzia 2010. Kila mwenye miaka 5 na zaidi ana maswali matatu: anasema lugha nyingine isiyo Kiingereza nyumbani? Kama ndiyo, ipi? Kiingereza anakisema vizuri sana, vizuri, si vizuri, au hajui kabisa? Hapo ndipo tunapoumia. Kwenye majedwali, "vizuri" hutiwa kapu moja na "hajui kabisa". Anayejipandisha kutoka "vizuri" hadi "vizuri sana" kwa kuona haya amejitoa kwenye hesabu ya wanaohitaji msaada.

Nakumbuka nyumba moja ya Wakongo. Bibi Mbembe, baba Mfuliiru, mama mzaliwa wa Uvira, watoto wanne. Kisanduku cha lugha kilikula jioni nzima. Baba alitaka wote waandikwe "Kiafrika" yaishe. Bibi akamkatalia: "Mwanangu, Kiafrika kinasemwa kijiji gani?" Alikuwa na haki. Panaandikwa lugha moja tu kwa kila mtu, ile anayoitumia zaidi. Ikishindikana kujua, ile aliyoanza kuisema utotoni. Bibi akaandikwa Kibembe, wengine Kiswahili. Ikaja zamu ya binti wa miaka 15, anayemsindikiza bibi hospitali kumtafsiria. "Vizuri sana," mama akasema kwa fahari, na ni kweli. Lakini nyumba huhesabiwa kuwa na uhaba wa Kiingereza pale tu ambapo hakuna hata mmoja wa miaka 14 na zaidi anayekisema vizuri sana au anayesema Kiingereza pekee. Tiki moja ya binti ikaiondoa nyumba yote, na bibi bado anasubiri binti atoke shule ndipo aelewane na daktari.

Nilikaa kuandika nikitaka kuwaambia: jishusheni. Sasa naona hapana, binti aandikwe kama alivyo. Bibi bado yumo kwenye jedwali la mtu mmoja mmoja, na hilo ndilo la kushika mkononi mnapodai mkalimani. Lile la nyumba linamficha.

Kuhusu watoto, "ndiyo" ya swali la kwanza haipunguzi chochote kwenye la tatu. Mtoto anaweza kusema Kiswahili kutwa na bado akawa "vizuri sana". Msemesheni Kiswahili. Ila maneno mawili matatu ya salamu hayatoshi kuweka "ndiyo", mwongozo unayakataa.

Na Kiswahili chenyewe, kwenye majedwali ya kawaida ya lugha, kinafungwa furushi moja na lugha nyingine za Afrika ya Kati, Mashariki na Kusini. Kibembe cha bibi hakitaonekana peke yake humo. Hata hivyo aandikwe Kibembe.