Ngao iliyoshikwa na marehemu na mgeni

Jarida limeuliza: ukiacha ya nchi yako, nembo ya taifa gani inakuvutia, na kwa nini?

Yangu ni ya Mauritius, na si kwa uzuri wake. Yule ndege dodo wa rangi nusu nyekundu nusu nyeupe, kusema kweli, ni kama mwanasesere. Kinachonivuta ni kwamba nembo hiyo ilitolewa mwaka 1906, enzi za Mwingereza, kwa nia ya kukisifu kisiwa, ikaishia kutoa ushahidi.

Tazama wanaoishika ngao. Kushoto yupo dodo, ndege asiyeruka ambaye hakupatikana kwingine kokote. Waholanzi walitia nanga 1598. Mara ya mwisho inayokubalika na wengi kuwa alionekana ni 1662. Mabaharia walimla, lakini waliommaliza hasa ni panya, nguruwe na kima walioshuka nao melini, maana mayai yake aliyataga chini. Kulia yupo kulungu mwenye pembe za matawi, naye si mwenyeji: Waholanzi haohao walimleta kutoka Java mwaka 1639. Mmoja marehemu, mwingine mgeni!

Ndani ya ngao mna jahazi, miti, ufunguo na nyota, na chini yake Kilatini kinachokiita kisiwa nyota na ufunguo wa Bahari ya Hindi. Majivuno ya bandari hayo, nayapita.

Sipiti miwa. Kila mnyama amekumbatia mmoja, lakini aliyeipanda hayupo. Kwetu Tanzania kando ya ngao wamesimama mwanamume na mwanamke. Pale hakuna hata kivuli cha mtu. Na baadhi ya walioipanda walitoka kwetu. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka, Mauritius ikiwa bado mikononi mwa Wafaransa. Utumwa ulipofutwa huko 1835, miwa ikaangukia mabega ya vibarua wa mkataba kutoka India, waliopokelewa Aapravasi Ghat, bandarini Port Louis.

Uhuru ulipokuja 1968 nembo haikutupwa, na mimi pia nisingeitupa. Dodo ningemwacha na muwa wake. Kulungu ndiye angepisha. Pale pake ningemsimamisha mkata miwa, panga mkononi.