Umeme wa ndani ya gari kuukuu: anza na njia ya kurudi

Mwaka wangu wa pili gerejini nilifunga mota mbili za feni kwenye gari moja, na zote mbili zilikuwa nzima. Hata ile niliyoitoa ilikuwa nzima. Gari lilikuwa salooni ya mwaka 1996, feni yake inazunguka kivivu hata ukiiweka namba ya mwisho. Nilichomoa plagi ya mota, nikaweka maltimita, kile kifaa cha kupima umeme, nikasoma volti 12.4. Umeme si huu hapa? Basi mota imekufa. Mwenye gari akaenda kununua mota ya mtumba. Nikaifunga, ikazunguka vilevile. Tukailaumu spea, akaenda kubadilisha, ya pili nayo ikazunguka vilevile.

Mzee aliyekuwa ananifundisha hakunigombeza. Alichukua balbu ya taa kubwa iliyokuwa imeungwa nyaya mbili, akaichomeka kwenye plagi ile mahali pa mota. Balbu ikawaka nyekundu hafifu, kama ncha ya sigara. Akaniambia, "Haya, pima sasa." Nikapima balbu ikiwa inawaka: volti 4. Akauhamisha mshale mweusi wa maltimita kutoka kwenye waya wa hasi akaugusisha kwenye chuma cha bodi kisicho na rangi. Ikaruka ikawa 12 na ushei. Maana yake chanya inafika vizuri kabisa. Kinachokwama ni umeme kurudi betrini kupitia hasi. Tuliufuata waya wa hasi mpaka chini ya dashibodi, pale pembeni mguu wa abiria unapokaa, tukakuta bolti imeota kutu na ukungu wa kijani. Kioo cha mbele kilikuwa kinavuja, maji ya masika yanateremka kimyakimya nyuma ya plastiki. Kipande cha msasa, tukakaza, feni ikapuliza mpaka karatasi zikaruka.

Nimeanza na aibu yangu kwa sababu nyote mnaoanza mtaifanya, na mtaifanya kwa kifaa hikihiki kinachoitwa maltimita. Maltimita haidanganyi, ila inajibu ulichouliza tu. Chukua mpira wa maji uliokanyagwa na tairi. Ziba mdomo kwa kidole gumba, utasikia maji yanasukuma vizuri tu. Achia kidole, yanachuruzika, ndoo haijai. Maltimita ni kidole gumba: haitumii umeme wa kuhesabika, kwa hiyo hata waya uliobaki uzi mmoja wa shaba utaonyesha volti 12. Mota ya feni ikiwa namba ya mwisho inavuta ampea kumi na kitu, na uzi mmoja hauwezi. Kwa hiyo pima kitu kikiwa kimeungwa na kimewashwa. Mshale mmoja kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye waya wa hasi wa kifaa chenyewe. Ukisoma zaidi ya volti 0.2 hivi, kuna mahali njia ya kurudi imebanwa. Upande wa chanya pima kwa mtindo huohuo, kutoka chanya ya betri.

Dalili za hasi mbovu mtazizoea. Unawasha indiketa, taa ya saa nayo inapepesa. Unakanyaga breki, mishale ya dashibodi inatikisika. Umeme uliokosa mlango wake unatafuta mlango wa jirani. Gari likikuletea mambo matatu yasiyohusiana kwa wakati mmoja, usianze kuyatibu matatu. Tafuta bolti moja wanayochangia. Kwenye Toyota nyingi waya wa hasi wa bodi ni mweupe wenye mstari mweusi. Ukiona nyaya za namna hiyo zimekusanyika kwenye bolti moja, anza hapo.

Balbu ya wati 55 ni rafiki yangu mpaka leo, lakini ina mahali pake. Kwenye waya unaotoka kwenye kompyuta ya gari usiiguse, inavuta zaidi ya ampea 4 na itaunguza. Hapo rudi kwenye maltimita. Na zile plagi za njano chini ya usukani, za mfuko wa hewa unaofyatuka kwenye ajali, usizipime kwa chochote, iwe balbu iwe maltimita. Kama kazi inakulazimu kuzikaribia, toa hasi ya betri, subiri angalau sekunde 90, ndipo uweke mkono. Mimi husubiri mpaka nimalize chai.

Milango nayo ina lake. Mteja atakwambia kioo cha dereva kinashuka siku nyingine na siku nyingine kinagoma, na tayari ameshanunua swichi. Fungua mlango taratibu huku umebonyeza swichi. Kikishtuka mlango ukifika pembe fulani, acha swichi, nenda kwenye ule mpira wenye mikunjo kati ya mlango na bodi. Uvute nje. Ganda la waya mara nyingi litaonekana zima kabisa, lakini ushike waya mmojammoja na uuvute kidogo: wenye shaba nzima unakaza, uliokatika ndani unavutika kama mpira. Mlango wa dereva ndio unaoongoza kwa sababu ndio unaofunguliwa kila safari. Usiunge pale pale penye mkunjo. Ukiweka risasi ya kuchomelea, waya unakuwa mgumu na utakatika tena milimita chache pembeni ya ulipounga. Weka kipande kirefu cha waya laini wenye nyuzi nyingi, kiungio kimoja kiwe ndani ya mlango na kingine ndani ya nguzo ya bodi, mkunjo ubaki na waya mtupu.

Feni inayokataa namba 1, 2 na 3 halafu inafanya kazi namba 4 tu, hiyo ni rizista, kile kipande kinachopunguza kasi ya feni, iko karibu na feni yenyewe nyuma ya kidroo cha dashibodi. Haina hadithi ndefu.

Betri inayolala usiku ina hadithi. Mteja mmoja, mwalimu, alikuwa ameshabadilisha betri mara mbili ndani ya mwaka. Kila akiliacha gari Ijumaa, Jumatatu haliwaki. Watu wengi hapa huanza kuchomoa fyuzi moja moja, na ukichomoa unaweza kukizima au kukiamsha kifaa ukapoteza ushahidi. Fanya hivi: zima kila kitu, funga milango, acha gari litulie nusu saa. Weka maltimita kwenye ampea, tundu la 10, kati ya nguzo ya hasi ya betri na waya wake. Mwiko kuwasha gari hapo, fyuzi ya maltimita itakwenda. Gari kuukuu likiwa limelala linapaswa kuvuta miliampea 50 au pungufu. Lile la mwalimu lilivuta 430. Kisha nikarudisha waya wa hasi kwenye betri, na bila kuchomoa fyuzi yoyote, nikahamisha maltimita kwenye milivolti nikagusa vile vidoti viwili vya chuma juu ya kila fyuzi. Fyuzi isiyopitisha umeme inasoma sifuri. Moja ilisoma kidogo. Ilikuwa ya taa za ndani, na taa zote za ndani zilikuwa zimezima machoni petu. Nikaingiza simu kwenye kidroo cha dashibodi ikirekodi video, nikakifunga. Video ilionyesha kataa kadogo ka wati 5 kanawaka gizani, swichi yake haifikiwi tena na mfuniko uliolegea. Wati 5 kwa volti 12 ni ampea 0.4. Kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi ni saa 60, ampea-saa 24 zimekwenda, na betri yake ilikuwa ya 45. Hesabu ilikaa sawa hata kabla sijatoa balbu.

Kingine mtakachokutana nacho sana ni mikono ya waliotangulia. Gari la mtumba kutoka Japani lilikuja na redio inayoanzia 76 MHz, basi mtu akaweka kiboksi cha kubadilisha masafa ili ishike stesheni za hapa. Mwingine akaja na alamu. Mwingine na spika za buti. Kila mmoja alikata, akasokota nyaya kwa vidole, akazungushia utepe, na joto la Dar likaugeuza utepe kuwa gundi. Kabla hujaulaumu wayaringi wa kiwandani, chomoa vya kuongezwa vyote, kimoja kimoja, uandike kwenye karatasi ulichomoa wapi. Na ukifungua sanduku la fyuzi ukakuta karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara imeviringishwa mahali pa fyuzi nyekundu ya ampea 10, usiondoke hapo. Fyuzi inalinda waya, si redio. Ikitolewa, fyuzi inayofuata ni waya wenyewe, na huo umepita chini ya kapeti.

Mwisho wa kazi atakuja mwenye gari, atatazama bolti moja uliyosugua, atauliza mbona unataka pesa ya saa tatu. Mimi huwa nachomeka ile balbu mbele yake kabla ya kusugua, aione inavyofifia, halafu namwita tena baada ya kukaza. Wengine wanalipa. Wengine bado wanaomba wapunguziwe.