Jibu: Miaka inayogongana kwenye vitabu vya Klyuchevsky

Salaam ndugu. Umekwama kwa sababu katalogi moja inaandika kwamba kozi ya historia ya Urusi ya mwanahistoria Mrusi Vasily Klyuchevsky ilitoka 1904, na nyingine 1921. Zote ziko sahihi. Angalia kwanza namba ya juzuu: la kwanza lilitoka 1904, la nne 1910, na la tano likachapishwa 1921, wakati mwenyewe alishafariki 1911. Ukikuta nakala ya miaka ya 1880, hayo ni maandishi ya mihadhara yaliyozungushwa na wanafunzi wake. Usiyahesabu kama toleo lake.

Jambo la pili ni tahajia. Mimi hutafuta Klyuchevsky, Kliuchevskii na Kluchevsky, kwa sababu tafsiri ya zamani ya Kiingereza ya Hogarth imetumia hiyo ya mwisho.

Kuhusu kazi yake, alirithi nafasi ya mwalimu wake Sergei Solovyov, Chuo Kikuu cha Moscow, 1879. Kitabu chake cha Baraza la Maboyari (makabaila wakuu wa Urusi ya kale) kilitoka 1882, lakini kilianza kwa mfululizo jaridani, ndiyo maana utaona pia 1880.

Ila usiiruke ile kazi yake ya 1871 juu ya masimulizi ya maisha ya watakatifu. Mtoto huyu wa padri wa kijijini alipekua miswada mingi mno akitafuta habari za makazi ya watawa kaskazini, akakuta waandishi wengi wamenakili kiolezo kilekile: wazazi wacha Mungu, mtoto asiyecheza na wenzake. Akayaandika hayo wazi. Kwangu mimi, hapo ndipo ukubwa wake unapoonekana.